Karatasi Tuliyoisaini Mlangoni

Mpendwa mdogo wangu,

Nakuandikia mbele za watu kwa sababu kwa siri nimeshindwa kukupata. Simu yako siku hizi inapokewa na msichana mwenye sauti ya upole anayeniambia kwa Kiingereza kwamba uko kikaoni. Juzi nilimwambia mimi ni dada yako. Akaniuliza, dada yake kutoka kampuni gani? Nikakata. Meseji zangu zina alama mbili za buluu na hazina jibu. Lakini najua ukurasa wa jumuiya yetu ya Texas unausoma kila siku, maana ndiko unakotangazia mambo yako, kwa hiyo nimemwomba mwenye ukurasa aiweke barua hii. Jina lako sikuliandika, langu pia. Binti yangu nitamwita Nuru, ambalo si jina lake, na majirani nao nimewabadilishia, na mitaa pia. Wanaotujua watatujua, na hao siwaogopi.

Ninaowaogopa ni wengine. Tangu Jumanne ile uliponitumia kionjo cha filamu yako nimeogopa kwa namna ambayo sijapata kuogopa, na wewe unajua mimi ni mtu aliyezoea kuishi na hofu kama wengine wanavyozoea presha. Mtu akigonga mlango nazima taa kwanza. Naomba unisome mpaka mwisho, usiruke ruke.

Unaikumbuka Mesquite, pale kando ya Dallas? Mwaka 2017 ulikuwa na miezi michache tu tangu uje na ile kadi yako ya ukaazi ya bahati nasibu, mwembamba, umevaa koti langu la kike kwa sababu hukuamini kwamba Texas nako kuna baridi. Tulifanya kazi ghala moja, mimi nikipanga viatu kwenye maboksi na wewe ukiendesha kile kigari cha kunyanyulia mizigo, na siku zisizo za kazi ulikuwa unasomea mambo ya picha kwenye chuo cha karibu. Kila Jumamosi asubuhi tulikwenda sinema, onyesho la kwanza, kwa sababu tiketi za asubuhi ni rahisi na ukumbi ni mtupu. Mimi nilifuata kiyoyozi na bisi, wewe ulifuata majina. Picha ikiisha watu wanainuka, wafagiaji wanaingia na mifagio yao, na wewe umekaza macho kwenye yale maandishi yanayopanda.

"Dada, subiri. Huyo hapo! Umemwona?"

"Nimwone nani, na jina limeshapita?"

"Prodyuza. Yule ndiye mwenye picha."

Nilikuuliza kazi yake hasa nini, maana haonekani, haongozi, hata kamera hashiki. Ulinieleza tukiwa tunatembea kwenye maegesho, na sijapata kusikia mtu akieleza vizuri zaidi. Ulisema ni kama shughuli ya harusi. Bibi harusi anaonekana, mshereheshaji anasikika, lakini yupo mama mmoja jikoni ambaye anajua kama wali utatosha au hautatosha, na bila yeye mnaaibika wote. Nikasema basi mimi ni prodyuza tangu nina miaka kumi na miwili, kwa jinsi nilivyowalisha ninyi kwa mama. Ulicheka mpaka ukashika gari la watu.

Halafu lile daftari lako, kaunta buku, kila ukurasa mtu mmoja. Ulikuwa unawafuatilia maprodyuza wakubwa wa Hollywood jinsi watoto wengine wanavyofuatilia wachezaji wa mpira, na tukila chakula ulikuwa unanisomea. Kuna aliyeanza kwa kusukuma toroli la barua kwenye ofisi ya mawakala wa waigizaji, akawa anajua nani anamwandikia nani kabla mabosi hawajajua. Kuna aliyekuwa muuza mazulia. Kuna mwanasheria aliyetambua kwamba waigizaji wanazeeka na haki za hadithi hazizeeki, akaanza kununua hadithi za watu. Kuna aliyefukuzwa studio tatu, ya nne wakamwita aje awe bosi. Wewe ulipenda zaidi mianzo yao, pale wanapobeba kahawa za watu na kumpeleka mbwa wa mkubwa kwa daktari. Ulikuwa unasema mwanzo kama huo hata wewe unauweza.

Na prodyuza mmoja mwanamke, uliyempenda kuliko wote, alikuwa ukurasa wa kwanza kabisa. Alianza kwa kupokea simu kwenye kampuni ndogo ya vipindi vya televisheni, akakalia kiti kile miaka, kisha akainuka nacho. Picha yake ya kwanza aliitengeneza kutokana na maisha ya bibi yake mwenyewe, na chini ya maneno hayo ulipiga mistari miwili. Nikakuuliza, "Na huyo bibi aliulizwa?" Ukanijibu, "Dada nawe! Bibi alishakufa." Tulicheka, wallahi tulicheka sote wawili.

Kipo kitu kingine ulichonifundisha siku zile. Ulisema watu hawasemi ya moyoni mbele ya kamera mpaka waisahau, na kwamba wajuzi wa kazi hubandika kipande cha utepe mweusi juu ya kile kitaa chekundu kinachoonyesha kwamba kamera inarekodi, kisha wanatoka chumbani. Nilikusikiliza nusu nusu. Nilikuwa nakaanga samaki na mafuta yananirukia.

Hali yangu uliijua tangu siku ya kwanza. Nakukumbusha kwa sababu kwenye simu ulizungumza kama mtu aliyesahau. Mimi nilikuja kutembea, viza ikaisha, nikabaki. Ndiyo maana miaka yote ile sikushika usukani, kwani leseni ya jimbo hili huipati bila makaratasi, na polisi akikusimamisha huna leseni, hapo ndipo mengine yanapoanzia. Ulinipeleka kila mahali wewe. Ulikuwa ukinitania, "Dada ana dereva, waheshimiwa wote wana dereva," na ukiona gari la polisi nyuma yetu ulikuwa unapunguza mwendo na kuniambia kwa sauti ya chini nizungumze jambo lolote, nisikae kimya kama mwizi. Nilikuwa nakutajia majina ya shangazi zetu mmoja mmoja mpaka gari lile lipite. Ulijua, mdogo wangu.

Nilipopata kazi ya kutunza wazee nikahamia Houston, Sharpstown, fleti ya chini karibu na ngazi, mimi na Nuru. Wewe ukabaki Dallas kwenye ile kampuni inayopiga vipindi vya makanisa na vya kukarabati nyumba. Tuliongea kila siku. Na siku mama alipofariki, mwaka 2018, ulinipigia wewe, ukaniita kwa jina langu badala ya dada, na mimi nikajua.

Alizikwa Muheza bila kukawia, kama dini inavyotaka. Kule ilikuwa alasiri, kwetu asubuhi. Binamu yetu aliinyanyua simu juu ya vichwa vya watu na mimi nilisimama jikoni kwangu nimevaa sare za kazi, naona mchanga, naona migongo ya wanaume, picha inakwama, inarudi, inakwama. Iliporudi mara ya mwisho walikuwa wameshaanza dua. Nikaosha kikombe kilichokuwa kwenye sinki, nikakiosha tena.

Matanga tukaweka kwangu. Uliendesha gari kwa muda wa saa nne kutoka Dallas ukafika na masufuria mawili, mikeka na begi la kamera. Hakuna aliyeishangaa kamera. Sisi ndivyo tulivyo, msiba wa mzazi ukiwekwa ugenini lazima upigwe video ipelekwe nyumbani, watu wa Muheza waone kwamba mama yao ameliliwa hata Marekani, waone umati, waone pilau, waseme fulani alikuja na fulani hakuja. Ulisema utatengeneza video ya maana, si ile ya kutetemeka ya simu. Nilikushukuru mbele ya watu.

Waliokuja unawakumbuka. Watanzania wa Houston karibu wote, Waislamu na Wakristo, Wakenya wauguzi wa jengo letu, Wakongo wa ng'ambo ya barabara. Wanaume walikaa nje kwenye viti, wanawake sebuleni kwenye mikeka, na mlangoni tuliweka meza ndogo. Kawaida yetu unaijua. Juu ya meza ile linakaa daftari la msiba, na kila anayeingia anaandika jina lake, simu yake na anapokaa, ili wafiwa wajue nani aliwafariji, na siku yake ikifika nao waende. Siku ile katibu wa jumuiya alilisahau daftari nyumbani kwake Stafford. Ukasema, "Msijali, mimi ninazo karatasi za kusaini." Ukaziweka kwenye ubao wenye kibanio na kalamu ukaifunga kwa uzi.

Zilikuwa na maandishi mengi ya Kiingereza, madogo, na chini kulikuwa na mahali pa jina, simu, anwani na sahihi. Nani alisoma? Mtu aliyekuja msibani hasimami mlangoni kusoma. Anaona jina, anaona simu, anaandika, anavua viatu, anaingia. Mimi mfiwa nilisaini wa kwanza ili wengine waone pa kuandika. Mama Kevo, jirani yangu Mkenya, alisaini kwa mkono mmoja, wa pili umeshika hotipoti la chapati. Na akina bibi watatu wasiojua kuandika niliwaandikia mimi, jina, simu, anwani, na sahihi nikawachorea. Mmoja wao ni Mama Furaha wa Bukavu, ambaye kesi yake ya kuomba hifadhi mpaka leo iko mbele ya hakimu.

"Merci, mutoto yangu," aliniambia. "Mungu akukumbuke."

Kamera ya wanawake uliiweka juu ya kabati la televisheni, ukaielekeza, ukatoka, kwa kuwa mwanamume hakai pale. Tukasoma Yasini, tukalia, tukanywa kahawa, na muda si mrefu hakuna aliyekumbuka kwamba ipo. Ndipo Mama Kevo aliponiuliza.

"Sasa Mama Nuru, utaenda lini home? Hata kama ni kuona tu kaburi, uta-feel better."

Nikamjibu. Miaka yote swali hilo nalikwepa, hata wewe ulikuwa unanisaidia kulikwepa, na siku ile nikalijibu. Nilikuwa kwangu, nimekaa chini, nimezungukwa na wanawake wanaonipangusa uso. Nikasema mimi nikitoka nchi hii sirudi. Nikasema viza yangu ilikufa zamani, nikautaja na mwaka niliokuja, na uwanja wa ndege nilioshukia, na ofisa aliyenigongea muhuri jinsi alivyonitakia mapumziko mema. Nikasema mama nimemzika kwenye simu. Nikasema Nuru amezaliwa hapa, na siku wakija kunichukua yeye atabaki na nani? Wanawake wakaangua kilio upya. Mama Kevo akakivuta kichwa changu akakiweka kifuani pake, akawa ananipapasa mgongo kama mtoto.

Video ya nyumbani uliituma baada ya wiki tatu, nzuri kweli, Muheza nzima iliiangalia. Maneno yangu hayakuwemo. Nilifikiri umeyafuta, nikasema moyoni mdogo wangu ana akili.

Mwaka uliofuata ukaitwa Los Angeles, na kuitwa na nani! Na yule yule mama wa ukurasa wa kwanza. Hakuna mtu Sharpstown ambaye sikumwambia. Ulinipigia siku ya kwanza ukasema umebeba kahawa saba na hukumwaga hata moja, nikakuombea dua kwenye simu mpaka ukaanza kuona haya mbele ya wenzako. Nilikuwa naona fahari, usije ukadhani barua hii imeandikwa na mtu aliyekuonea kijicho.

Kisha mwaka huu ukaja na ugonjwa wake wa korona. Ulinieleza kwamba kamera zote zimesimama, studio zimefungwa, na bosi wako amewauliza vijana wake nani ana kitu kilichokwisha kupigwa. Ulikuwa unaongea haraka haraka kwa furaha, ukasema wewe unacho. Nikasema alhamdulillah. Sikukuuliza una nini.

Nitakwambia jambo la aibu. Mwaka huu ambao watu wanazika na kulia, barakoa imenipa mimi nafuu. Mzee ninayemtunza anakaa Stafford, na nyumba za mtaa wake zote zina kamera kwenye kengele za milango. Zamani nilikuwa napita pale nimeinama kama natafuta kitu chini. Mwaka huu nilianza kutembea kichwa juu, nusu ya uso imefunikwa na kila mtu kafunikwa, na kwa mara ya kwanza tangu nije nchi hii nikajiona ni mtu kama watu. Imedumu miezi michache.

Jumanne ile nilikuwa namlisha mzee chakula cha mchana. Simu ikalia, nikaona ni wewe, nikaifungua kwa kidole kilichopakaa viazi. Uso wangu ukajaa kwenye kioo. Uso mzima, ushungi umeniteleza, machozi na makamasi, na chini maandishi ya Kiingereza yanafuata maneno yangu. Mama nimemzika kwenye simu. Halafu mwaka. Halafu uwanja wa ndege. Halafu muziki, na jina lako, na mbele yake neno ulilolitafuta kwenye majina yale ya kupanda tangu Mesquite. Chini ulikuwa umeniandikia, "Dada, umekuwa staa!" Kijiko kilinianguka. Mzee akaniuliza kama nimepata habari ya kifo.

Nilikupigia kutoka bafuni kwake, na siku ile ulipokea mwenyewe.

"Shikamoo dada! Umeiona?"

"Toa kitu kile."

"Sikiliza kwanza. Bado haijatoka, hiyo nimewatumia ninyi tu. Ma-executive wote wamelia, dada. Wamelia!"

"Nimetaja uwanja wa ndege. Nimetaja mwaka."

"Hao watu wa uhamiaji hawana time ya ku-watch documentary. Halafu, dada, ulisaini."

"Nilisaini nini?"

"Release, kibali cha kutumia picha na sauti yako. Pale mlangoni. Wote mlisaini, originals ziko kwa lawyer."

Nilikaa sakafuni. Kwa hiyo kuna ofisi huko uliko, na ndani yake kuna karatasi yenye jina langu, simu yangu na namba ya fleti ninayolala na mwanangu, nimeiandika mwenyewe kwa mwandiko mzuri. Nikakwambia uliniambia lile ni daftari la msiba. Ukasema hapana, wewe ulisema unazo karatasi za kusaini. Na ni kweli. Nimeyarudia maneno yako nikipika, nikioga, nikiswali, na sijapata uongo ndani yake. Ningeupata ningepumua kidogo.

Mama Kevo alipiga picha kwa simu yake siku ya matanga. Tumeitafuta, tukaikuza. Nyuma yetu kamera yako inaonekana juu ya kabati, na pale penye kitaa pana kipande cheusi cha utepe. Nakuuliza kama dada anavyomuuliza mdogo wake, ulikibandika ukijua, au ni mazoea tu ya mkono wa kazi? Nimejipangia majibu yote mawili na kila moja linanitisha kivyake.

"Mimi niko na makaratasi, sina neno," Mama Kevo aliniambia akiwa bado ameishika simu. "Lakini wewe? Na yule mama wa Bukavu? Huyu kijana ana-think nini, kwani?"

Mama Furaha sijamwambia bado. Nakutana naye kwenye mashine za kufulia, ananiuliza habari zako, anauliza kama umeshaoa.

Wiki iliyopita Nuru aliniona naangalia kionjo, akaruka. "Mama, that's you! You're gonna be famous!" Nikamwambia asiseme kwa mtu. Sasa unajua shule imehamia kwenye kompyuta. Asubuhi ya pili nikiwa jikoni nikasikia mwalimu anauliza watoto nani ana habari njema ya kuwaambia wenzake, na mwanangu akanyoosha mkono. Nilivuka sebule ile sijui vipi. Nikaifunga kompyuta kwa nguvu mbele ya uso wake akiwa amefikia "my mom". Alinitazama kama hanijui. Akalia mpaka akapaliwa, ananiuliza, "What did I do? What did I do?" na mimi nimeikumbatia kompyuta kifuani badala ya kumkumbatia yeye. Mwalimu akapiga simu kuuliza kama nyumbani pako salama. Nikamjibu mtandao ulikatika. Toka siku ile Nuru akisikia hatua kwenye ngazi anajificha nyuma ya kochi bila mimi kumwambia, na ana miaka tisa.

Kwenye simu ile ulisema mtanifunika uso kwa ukungu. Na sauti? Na sebule? Na anwani iliyoko kwa mwanasheria? Kisha ukasema ukweli wako, nao nausadiki, kwamba bosi amesema bila mimi hakuna picha, na hii ni nafasi yako moja. Najua wasemavyo hao watu wa kwenye daftari lako. Wote walikuwa na nafasi moja. Najua pia ukinitoa unaweza kurudi kwenye kigari cha ghala la Mesquite, na jina lako lisipande tena kwenye kioo chochote. Silichukulii hilo kwa wepesi. Nimekulea, ndoto yako niliilipia tiketi kila Jumamosi, na ninajua ninachokuomba.

Na ninyi mliosaini mlangoni kwangu siku ile, mnaosoma hapa, nawaombeni radhi. Mlikuja kunifariji nikawashikisha kalamu. Mwandikieni nanyi, kila mtu kwa jina lake, mwambieni hamkubali. Mimi nimeshaandika.

Mdogo wangu, sina wa kumshitakia. Wewe una mwanasheria, mimi nina mama aliyekufa na mtoto anayejificha nyuma ya kochi. Kwa hiyo sikutishi, ninakuomba. Kata pale ninaposema. Kata na pale ninapolia, kwa kuwa sauti yangu inajulikana. Kata ninapogawa kahawa, ninapopita na sinia, hata mkono wangu ukionekana ukate. Baki na wanaume wa nje, na masufuria, na viatu vya mlangoni, vinatosha kumwonyesha mtu kwamba palikuwa na msiba.

Kwenye mazishi ya mama yetu sikuwepo. Sasa naomba na kwenye matanga yake nisiwepo. Na picha yako ikifika nyumbani, Muheza wakaketi kuitazama, wakauliza mbona binti yake mkubwa haonekani, usinitetee. Waambie dada hakuja.

Mungu akufunike huko uliko,

Dada yako.